Ukishapewa Heshima, Omba Kazi

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia simu kuhusu barua uliyoandikiwa na mkuu wa kitivo chenu. Alianza kwa furaha: mtoto kaitwa kwenye chama cha wenye akili. Kisha akashusha sauti. Jina la chama ni la Kigiriki, kuna hafla ya kuingizwa, kuna beji yenye umbo la ufunguo, na uanachama wenyewe ni wa maisha. "Kaka," akaniuliza, "si Freemason hao?"

Usimcheke. Swali lake Wamarekani wenyewe waliwahi kuliuliza, tena kwa ukali kuliko yeye. Chama cha kwanza cha wanafunzi wa nchi hii kujiita kwa herufi za Kigiriki ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na vijana wa chuo cha William & Mary, kule Williamsburg, Virginia. Nacho kilianza kwa siri kweli: kiapo, namna yao ya kupeana mikono, mikutano ya faragha. Mwaka 1826 mtu mmoja wa jimbo la New York, William Morgan, aliyekuwa anataka kuchapisha siri za Freemason, alitoweka asionekane tena, na watu wakapandwa na hasira dhidi ya kila chama chenye siri. Hasira hiyo ikawafikia hata wasomi. Mwaka 1831 Phi Beta Kappa ya Harvard ikaachana na usiri. Kwa hiyo mwambie mama yako kwamba alichokiuliza kilishaulizwa karibu miaka 200 iliyopita, na jibu likawa kuondoa siri na kubakiza herufi. Hata kwenye chama chako, masharti ya kuingia yameandikwa, majina ya wanaoingia yanasomwa hadharani. Mwombe mlezi wa tawi, yaani mwalimu anayelisimamia hapo chuoni, ruhusa umrushie hafla kwa simu, aione kwa macho yake. Atakinai baada ya hotuba ya pili.

Chama kilichokuita, Beta Gamma Sigma, ni kichanga kuliko hicho. Mwaka 1913 vyama vitatu vya wanafunzi, kimoja cha Wisconsin, kimoja cha Illinois na kimoja cha California, viliungana vikawa kimoja. Matawi yake yako kwenye shule za biashara zenye ithibati ya AACSB, shirika lililoanzishwa mwaka 1916, na mwanafunzi hapeleki maombi. Wa shahada ya kwanza anaitwa akiwa ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake, wa uzamili ndani ya asilimia 20. Hukubembeleza, hukujuana na mtu, umeitwa kwa alama zako. Hongera. Neno hilo nimelisema na sitalirudia, maana sehemu iliyobaki ya barua hii si ya kukupongeza.

Kabla hujalipa hata dola moja, hakikisha. Barua za heshima zinatumwa ovyo nchi hii. Nyingine zinatoka kwa watu ambao biashara yao ni kuuza vyeti na beji kwa watoto wenye alama nzuri na wazazi wenye furaha. Nenda ofisini kwa mkuu wa kitivo ukaulize kama tawi lipo hapo chuoni, mlezi wake ni mwalimu gani, na kigezo cha kuingia kimeandikwa wapi. Kama hakuna mlezi ambaye unaweza kugonga mlango wake Jumatatu asubuhi, chana barua. Lipo pia shirikisho la vyama vya heshima vya vyuo, ACHS, la tangu mwaka 1925, linaloweka viwango na kueleza chama cha kweli kinatakiwa kiwe na nini. Ada ya Beta Gamma Sigma inalipwa mara moja tu, haidaiwi kila mwaka, na baadhi ya shule huwalipia wanafunzi wao ada yote au nusu yake. Uliza hilo kabla hujamwambia mama yako. Namjua dada yangu: atakupa zamu yake ya upatu, kisha aape kwamba hakuwa na haja nayo.

Usichanganye vitu pia. Zile nyumba zenye herufi kubwa za Kigiriki mlangoni na muziki mpaka alfajiri ni kitu kingine kabisa, na huko mama yako ana haki ya kuogopa. Kuna vyama vya udugu wa kitaaluma kama Alpha Kappa Psi, cha mwaka 1904, na Delta Sigma Pi, cha mwaka 1907. Hivyo vinakuandikisha, vinakupima kwa mahojiano na kipindi cha majaribio, na vinafundisha mengi. Sina ugomvi navyo. Ila hivyo wewe ndiye unayevifuata. Chama cha heshima kinakufuata wewe kwa sababu ya alama.

Sasa kuna kile kingine ulichonitajia, Beta Alpha Psi. Nilifurahi kuliko ulivyodhani, ndiyo maana nikakaa kimya kwenye simu. Kilianzishwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1919 kwa ajili ya wanafunzi wa uhasibu, baadaye kikafungua mlango kwa wa fedha na wa mifumo ya kompyuta. Kinaangalia alama, lakini alama hazitoshi. Ili upokewe, na ili uhesabiwe kuwa mwanachama hai, unadaiwa saa: saa za mambo ya taaluma, yaani semina, mafunzo, mikutano na watu wa makampuni, na saa za kujitolea kwa jamii. Tawi linaziandika na kupeleka taarifa makao makuu. Usipotimiza, jina lako linakosa nafasi kwenye orodha ya walio hai, hata uwe wa kwanza darasani.

Ndicho ninachokitaka kwako. Beta Gamma Sigma kimekutazama ulichokwisha kufanya, nacho umekifanya peke yako, usiku, na vitabu. Heshima ya namna hiyo inakwisha siku unayopewa. Siku ya pili yake hakuna anayekuuliza kitu. Watu wengi wanalipa, wanapiga picha, wanaibandika LinkedIn, na tawi haliwaoni tena mpaka Mei, siku ya mahafali, wanapokuja kuchukua kamba za kuvaa shingoni. Utawaona siku hiyo, kamba za rangi nne, tano. Ukimwuliza mmoja wao kile chama cha kamba ya zambarau kilifanya nini mwaka huo, ataiangalia kamba kwanza.

Ingia vyote viwili, sawa. Lakini kimoja kiwe jina kwenye wasifu wako, na kimoja kiwe kazi. Chagua kazi iwe Beta Alpha Psi. Usiongeze cha tatu.

Tena ujue herufi hizi hazisafiri mbali. Ukirudi Dar kesho, mwajiri mwenye ofisi pale Posta hatajua Beta Gamma Sigma ni dawa au ni kampuni ya simu. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya kwetu iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, itakupima kwa utaratibu wake na mitihani yake, bila kuuliza ulivaa kamba gani. Hata hapa Marekani, herufi zinakufikisha mlangoni tu. Deloitte, PwC, EY na KPMG, wale wakaguzi wakubwa wa hesabu, wanatuma watu wao kwenye mikutano ya matawi ya Beta Alpha Psi, na watu hao wamekwisha kuona maelfu ya wanafunzi wenye alama kama zako. Wanachotafuta ni mtu waliyemwona akifanya kitu: aliyepanga ule mkutano, aliyejibu barua pepe siku hiyohiyo, aliyewapokea mlangoni na kujua majina yao. Mlezi wako naye, ukimwomba barua ya kukupendekeza, ataandika alichokiona. Kama alichokiona ni alama yako kwenye mtihani wake, barua itakuwa fupi.

Hapo kwenye mikutano nina neno dogo. Sisi tumelelewa kumwachia mkubwa aanze kuzungumza, na kunyamaza mbele ya wageni ni adabu. Kwenye chumba chao, kijana aliyenyamaza anahesabiwa hana la kusema. Usiache adabu yako, ila nenda umpe mtu mkono, taja jina lako polepole mpaka alishike, kisha muulize swali la kazi. Muulize kati ya Januari na Machi siku yake ya kazi inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Huo ndio msimu mzito wa wakaguzi wa hesabu, na atakueleza kwa dakika 10 bila kupumua. Hakuna mtu anayemchukia mtu aliyemsikiliza.

Uchaguzi wa viongozi wa tawi kwa kawaida unakuja muhula wa pili. Kila mtu atataka urais. Waachie. Omba uweka hazina.

Najua unavyoliona jambo hilo: kazi ya risiti na kero. Lakini wewe unasoma uhasibu, na huu ndio uhasibu wa kwanza ambao vitabu vyake ni vya kweli na watu wanaoweza kukuuliza wamekaa mbele yako. Tawi lina akaunti ya benki au lina fungu lake kwenye ofisi ya chuo. Ada zinaingia, michango ya makampuni inaingia, fulana zinalipiwa, na fedha nyingi zinaishia kwenye pizza, kwa sababu bila pizza mkutano wa wanafunzi wa nchi hii hauna watu. Ni fedha kidogo. Hesabu za fedha kidogo ndizo zinazochafuka upesi, maana kila mtu anaona haya kuuliza habari ya dola 14.

Kwa hiyo weka kanuni zako siku ya kwanza, kabla hujazoeana na watu. Fedha ya tawi isipite kwenye programu zako za kutumiana fedha, Venmo wala Zelle, hata kwa saa moja, hata rais akisema ni haraka. Malipo yawe na watu wawili wa kuidhinisha. Hakuna risiti, hakuna kurudishiwa fedha, awe rafiki yako au mlezi mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi kaa ulinganishe daftari lako na taarifa ya benki, kisha mpe mwanachama mwingine alinganishe tena bila wewe kuwepo. Kwenye kila kikao soma mapato, matumizi na salio. Soma hata kama wanatafuna. Watakuona mkali mwezi wa kwanza, na kuanzia mwezi wa pili hawatakuwa na jambo la kukunong'onea.

Na vikao usiviogope. Wanafuata kitabu cha mhandisi mmoja wa jeshi, Henry Martyn Robert, kilichotoka mwaka 1876, na wenzako wengi wa Kimarekani watakuwa wanakisikia kwa mara ya kwanza. Hoja inatolewa, inaungwa mkono, inajadiliwa, inapigiwa kura. Bila akidi hakuna uamuzi. Wewe umekulia sebuleni kwenye vikao vya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Umeshasikia kufungua kikao, kusoma muhtasari, yatokanayo, ajenda ya leo na mengineyo kabla hujajua kusoma. Umeona mtu akitozwa faini ya kuchelewa, na umeona katibu akikataa kubadilisha muhtasari kwa kuwa mwenyekiti kaona aibu. Hiyo ni elimu, mpwa wangu. Itumie. Wakikosa anayejua kuandika muhtasari mzuri, utakuwa unamjua mtu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni makabidhiano, na hapa ndipo matawi mengi yanapofia. Kiongozi wa chama cha wanafunzi anakaa mwaka mmoja, tena mwaka wenyewe una miezi tisa. Mei anavaa joho, anaondoka. Agosti wapya wanafika, neno la siri la barua pepe ya tawi halijulikani, benki bado ina saini ya mtu aliyehamia Texas, na tarehe ya kupeleka taarifa makao makuu imekaribia. Hakuna aliyeiba, hakuna mbaya, lakini tawi limelala. Ndiyo maana nakuambia anza kuandika daftari la makabidhiano siku unayopokea kazi, usingoje siku unayoiacha. Andika nani anapigiwa simu benki, taarifa gani inakwenda wapi na lini, duka gani linachapa fulana kwa bei nafuu, kampuni gani iliahidi mchango na haijatoa. Mwaka wako ukiisha, kaeni wawili na yule anayekufuata, mhesabu pamoja, msaini wote, nakala moja apewe mlezi. Kisha nendeni benki pamoja mkabadilishe saini. Usiondoke mjini kabla ya hilo kufanyika.

Mwanafunzi aliyekabidhi hesabu za mwaka mzima, salio likakubaliana na benki, halafu tawi likaendelea bila yeye, ana jambo la kumweleza mwajiri yeyote wa dunia hii, wa Chicago au wa Tanga. Huhitaji kumfafanulia herufi.

Yako mambo mawili ya tahadhari, nitayasema upesi. Uko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Kazi ya malipo ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na kazi ya malipo nje ya chuo haifanywi bila kibali. Uongozi wa tawi usio na malipo hauna tatizo. Lakini ikitokea wakasema viongozi wanapewa posho, au kampuni iliyokuona kwenye mkutano ikakupa "kakazi kadogo" ka wikendi, usikubali hata kwa mdomo mpaka umepita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na wamekujibu kwa maandishi. Fedha ya wikendi mbili haifai kukukosesha ruhusa ya kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu. La pili ni masomo. Wiki za mitihani, waambie mapema kwamba hupo. Chama kilichokuita kwa sababu ya alama hakiwezi kulalamika ukizilinda.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kukutumia ujumbe wa WhatsApp.

Zile saa za kujitolea unaweza kuzitimiza kwa njia nyingi: kuokota taka bustanini, kupanga makopo kwenye ghala la chakula cha msaada, kusimama kwenye meza ya chai. Zote ni kheri. Lakini matawi mengi ya Beta Alpha Psi yanafanya kazi na mpango wa VITA, ule wa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ambao watu wa kujitolea wanawajazia wananchi ritani za kodi bure. Umewekwa kwa ajili ya wenye kipato cha chini na cha kati, wenye ulemavu, na wasiokijua Kiingereza vizuri. Ndugu zako wamo humo.

Angalia pande zako. Kwa miaka kadhaa mpaka 2024 Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko wote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao lugha yao ya kuzungumzia na mgeni ni Kiswahili. Wako Kentucky, wako Iowa, wako Ohio na Texas. Wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, maghala, hoteli na nyumba za kulelea wazee. Kila mwisho wa Januari wanapokea fomu ya W-2 inayoonyesha walicholipwa na kodi iliyokatwa, wanaiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine wasizozielewa, kisha wanakwenda kwa mtu mwenye bango dukani, ambaye anawatoza mamia ya dola kwa kazi ya nusu saa. Wengine hawaendi popote, maana hakuna aliyewaambia kwamba serikali ina fedha yao.

Nayo ipo. Tangu mwaka 1975 kuna nafuu ya kodi kwa watu wanaofanya kazi na kulipwa kidogo, inaitwa EITC. Kwa mwaka wa kodi wa 2024, familia yenye watoto watatu au zaidi, kulingana na kipato, iliweza kupata mpaka dola 7,830. Haiji yenyewe. Lazima ritani ijazwe, na ijazwe sawasawa: watoto wahesabiwe walioishi kweli na mzazi, namba za Social Security ziwe sahihi, hali ya ndoa isikosewe. Ukikosea, marejesho yanakwama kwa miezi na mama wa watu anabaki anangoja barua asiyoweza kuisoma.

Kazi yenyewe ina nidhamu, na ndiyo iliyo bora kwako kuliko semina kumi. Kwanza unafanya mtihani wa maadili na mtihani wa sheria ya kodi, na huwezi kugusa ritani ya mtu bila kupata asilimia 80. Mteja akikaa, unaanza na fomu ya 13614-C: unauliza, unasikiliza, unahakiki, ndipo unaigusa kompyuta. Utagundua haraka kwamba majibu ya kodi hayako kwenye karatasi, yako kwenye mazungumzo. Nani analala nyumba hii? Huyu mtoto wa marehemu dada yako ameishi hapa tangu lini? Bibi mnayemtumia fedha kule Bukavu hawezi kuhesabiwa hapa, na itabidi umweleze mtu hivyo kwa upole, maana kwake yeye bibi ndiye wa kwanza kuhesabiwa. Ukimaliza, mtu wa pili mwenye cheti anaikagua ritani yote kabla mwenyewe hajasaini. Akikuta kosa, shukuru. Hiyo ndiyo taaluma uliyoichagua. Wengine wataikuta kazini, wewe utakuwa umeianza ukiwa bado mwanafunzi.

Kiswahili chao si cha Tanga, na hawakuja kusahihishwa. Utasikia Kifaransa katikati, utasikia maneno usiyoyajua, uliza, usitabasamu. Mtu anayekuonyesha mshahara wake amekuonyesha aibu yake na fahari yake kwa pamoja. Siri zake zifie pale mezani. Utakutana nao harusini, kanisani, msikitini, dukani kwa Wasomali. Usionyeshe kwa jicho kwamba unajua mume analipwa kiasi gani. Na fedha usipokee. Masharti ya VITA yanakataza malipo ya aina yoyote, nao watataka kukupa, kwa sababu wamelelewa kama wewe. Kataa kwa heshima, uwaambie serikali imekataza, ili lawama iende huko.

Ila ritani yako mwenyewe usijijazie kwa kuiga unayowajazia wao. Mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida anahesabiwa si mkazi wa kodi kwa miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda, kwa hiyo fomu zako ni 8843, na 1040-NR ukiwa na kipato. Ile 1040 ya kawaida siyo yako, hata programu ya bure ikikukaribisha kwa maneno matamu. Vipo vituo vyenye watu waliopata cheti cha ziada kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Kaa mezani kwao kama mteja.

Vituo vingi vinafunguliwa mwishoni mwa Januari na kuendelea mpaka katikati ya Aprili, lakini mafunzo na mitihani ya wanaojitolea huanza kabla ya mwaka kwisha, wakati wenzako wanapofungasha kwenda likizo. Usisubiri Januari. Mtafute mlezi wa tawi wiki hii, umwulize kituo kiko wapi na nani anasimamia zamu, umwambie unazungumza Kiswahili, kisha jina lako liandikwe Jumamosi, siku ambayo wengi wa viwandani wanaweza kuja.

Mjomba wako.